Dhambi Iliyotafutiwa Mtu

Ulikuwapo. Usiniambie siku hiyo ulikuwa na homa, wala usiniambie ulikwenda Taveta kumwona shemeji yako. Ulikaa pale pale unapokaa kila Jumapili, na Obadiah alipoitwa mbele ukafungua kitabu cha nyimbo ukaanza kutafuta wimbo ambao hakuna aliyeutaja. Jirani yako akafanya vivyo hivyo. Kanisa zima likawa na kazi ya kupekua karatasi. Mtu akipigishwa magoti kwenye saruji kwa kosa la kuua, ninyi mnatafuta wimbo.

Aliyeendelea kumtazama alikuwa mmoja tu, na hakuwa mtu wa mlima huu. Sajini Nzioka wa polisi ya Voi alikuwa amekaa karibu na mlango, Mkamba mrefu mwenye koti la kiraia lililombana mabega. Inspekta wake alimtuma asikilize. Mwaka ule wa hamsini na nne serikali ilisikiliza kila mahali, hata kwenye ibada za watu waliokuwa hawana habari na msitu wala kiapo cha Mau Mau. Nzioka alikuja kusikiliza siasa, akasikia jambo jingine.

Kasisi Stephen Mwandawiro alisimama mbele ya Meza, mikono imekunjwa, akauliza kwa sauti ya kufika nyuma.

"Obadiah, unakiri mbele za Mungu na mbele ya kanisa kwamba ulimvizia Mzee Thadeus njiani, ukampiga kwa rungu, ukamwua?"

"Ni mimi, Baba."

"Umetubu?"

"Nimetubu."

"Basi nyumba yenu imefunguliwa."

Maana ya neno hilo unaijua, lakini Nzioka ilibidi aelezwe na mama aliyekaa karibu naye, kwa kunong'ona. Nyumba ya Obadiah ilikuwa imefungwa tangu mvua za vuli. Sheria ya kanisa hilo ni hii: dhambi ikianguka na isipate mwenyewe, baraza la wazee linaitenga nyumba linayoishuku, mkubwa kwa mdogo. Hakuna Meza ya Bwana, hakuna kubatiza mtoto, na atakayefia humo anazikwa nje ya ua wa kanisa, kule wanakotupwa mbwa. Mpaka mwenye dhambi asimame. Thadeus, mzee wa kanisa na mwashi aliyelijenga kanisa lenyewe, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba wako wanaokula Mezani na huku bado wanalisha wafu wao mapangoni, na alipokuwa akisema alilitazama benchi la Mama Lois, mamake Obadiah. Jumatatu iliyofuata akakutwa amekufa kwenye njia iliyo chini ya shamba lao. Kichwa kimepasuka.

Mama Lois alibatizwa akiwa msichana. Sasa alikuwa amevimba miguu hadi tumboni, hawezi kuketi bila kushikwa, na alibakiwa na ombi moja tu: ale mkate kabla hajafa, na alazwe ndani ya ua, kando ya mumewe. Ombi hilo mlima mzima ulilijua. Wewe ulilijua.

Ibada ilipokwisha, watu walijipanga nje kumpa Obadiah mkono wa kumrudisha kundini. Alikuwa kijana wa genge la reli, kifua kipana, na uso wake siku hiyo ulikuwa wa mtu aliyetua gunia. Mkono wa Nzioka ulipomfikia aliupokea akitabasamu, akamwambia Bwana asifiwe. Nzioka hakuuachia. Mkono wake wa pili ulikuwa na pingu.

*

Kituoni Voi, Obadiah alipewa kiti na maji. Konstebo Ndeti alisimama mlangoni. Nzioka hakuwa mtu wa kupiga. Aliuliza polepole, kama anayehesabu mbuzi wa mtu mwingine.

"Rungu liko wapi?"

"Nililitupa, Afande."

"Wapi?"

"Kichakani."

"Lilikuwa la mti gani?"

"Mti wa kawaida."

"Ulipompiga alikuwa amekuelekea, au alikuwa amekupa mgongo?"

Obadiah akainamia kikombe chake. Kisha akauliza kwa heshima kabisa, "Kasisi alisemaje?"

Ndeti alicheka puani. Nzioka hakucheka. Alimtaka aeleze hayo maneno ya kanisani yalitungwa na nani, akaambiwa kwamba mwenye kutubu haulizwi maelezo. Wazee hukaa, hukubaliana kosa lilikuwaje, Kasisi hulisoma, na mkosaji huitika. Ndivyo ilivyo tangu wazungu wa kwanza wa misheni, na anayeanza kusahihisha maneno huonekana bado ana kiburi, hurudishwa akajifunze kutubu.

Kisha Obadiah naye akauliza lake. Alitaka kujua wangemaliza lini, kwa kuwa Jumapili inayokuja Kasisi angemletea mama Meza nyumbani, na dada yake Tryphena hawezi kumwinua peke yake.

"Wewe unajua uko hapa kwa nini?" Nzioka alimwuliza.

"Kuandikisha."

"Kuandikisha nini?"

"Kwamba yamekwisha."

Akaeleza kama anavyoelezwa mgeni. Huko kwao, mtu akishasimama mbele ya kanisa akaoshwa, kosa hilo halitajwi tena, hata mke akiwa na hasira hawezi kulitaja, akilitaja anaitwa yeye barazani. Kanisa lililetwa na wazungu. Serikali ni ya wazungu. Mmoja akishafunga jambo, mwenzake atalifunguaje?

Hapo hata Ndeti akatazama nje.

"Hapa hatuoshi, ndugu yangu," Nzioka alisema. "Kwa kosa uliloitikia wewe, watu hunyongwa."

Obadiah alikunywa maji yaliyobaki. Mwishowe akauliza kama wangeweza kungoja hadi Jumapili ipite.

Taarifa ya daktari ilikuwa fupi, na Nzioka aliisoma akiwa amesimama. Fuvu lilikuwa limebonyea kutoka juu kwa kitu kipana na kizito. Bega la kulia limevunjika vile vile, kwa pigo lile lile. Rungu linavunja kichwa, au linavunja bega, lakini mpigaji wa kuvunja vyote viwili kwa pigo moja hajazaliwa. Basi aliyeitika "ni mimi" alikuwa amekiri kosa ambalo halikutendwa na mtu yeyote namna hiyo. Alichokijua Obadiah kuhusu kifo kile ni kile tu kilichodhaniwa na wazee, na wazee walikuwa wamedhani vibaya.

Nzioka akaomba koti la marehemu litolewe stoo. Mgongoni lilikuwa na chembe nyeusi zilizogandamana kwenye nyuzi. Akazisugua vidoleni, akanusa, akampa Ndeti naye anuse.

"Popo," Ndeti alisema, akajifuta pua.

"Njiani pale kuna popo?"

"Njiani hakuna hata mti, Afande."

Damu pia haikuwapo njiani. Askari wa kwanza kufika aliliandika hilo na hakuna aliyejali. Thadeus alifia penye popo, kisha akabebwa.

Popo waliokuwa wakijulikana na kila mtu ni wale wa dari la kanisa. Kwa siku nzima Nzioka aliamini hivyo: kwamba mwashi aliuawa ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, na kwamba baraza lililotafuta mwenye dhambi nje lilikuwa naye ndani. Alipanda ngazi ya mnara mbele ya Kasisi, Ndeti nyuma yake akilalamika kwamba hakuandikwa polisi ili akamate popo, maana hata wakikiri hakuna pingu ya kuwatosha. Juu ya dari kinyesi kilikuwa kimelala laini kama unga uliochekechwa. Hakuna aliyekanyaga humo kwa miaka. Kasisi aliuliza wanatafuta nini, Nzioka akasema popo, wakashuka. Hilo lilikuwa neno moja zaidi ya yaliyotakiwa, na litadaiwa.

*

Asubuhi ya pili alimwacha Ndeti barabarani Mraru na baiskeli, akapanda mlima peke yake. Alianzia pale maiti ilipokutwa, na badala ya kuifuata njia akaikata, akapanda moja kwa moja. Mtu anayebeba maiti ya mtu mzima hapandi nayo, huteremka. Shamba la kwanza juu ya njia lilikuwa la Mama Lois. Tryphena alikuwa akilima. Mwanamke wa miaka kama thelathini, kitambaa kichwani, jembe halipumziki. Lilipumzika pale Nzioka alipopita kichwani mwa shamba kuelekea kwenye miamba.

"Afande, huko hakuna njia."

"Naiona."

"Hiyo ni ya mbuzi."

Nzioka aliitazama chini. Ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, safi. "Na hao mbuzi wenu, dada, hawanyi?"

Tryphena aliliegemeza jembe begani akamfuata.

Pango halikuwa kubwa. Lilikuwa mwamba uliotokeza kama ukingo wa paa. Harufu ilimpokea kabla ya giza. Ndani, kwenye ubao wa jiwe la asili, mafuvu ya watu yalikuwa yamepangwa mstari mmoja, yamegeuzwa kutazama bonde, na mbele yao palikuwa na kibuyu kilichooshwa. Nzioka alikuwa amesikia habari hizo. Wadawida wa zamani, wenyeji wa mlima huu, mzee akishakaa kaburini muda wake, walikitoa kichwa wakakileta mwambani akae na baba zake, na watu wa nyumba walikuja kumwambia shida zao na kumtemea pombe ya muwa. Misheni ilisema imekomesha. Hakuvigusa. Alichokuja kukitafuta kilikuwa chini: bamba la jiwe lenye ukubwa wa mlango, limeegemezwa kando, na gogo la kuinulia bado limelala ubavuni mwake. Alipiga magoti akatazama upande wa chini. Palikuwa na doa jeusi lililokauka, na nywele fupi za mvi. Pembeni kulikuwa na nyundo ya mwashi, mpini umefungwa waya, kama vile mjane wa Thadeus alivyoieleza ilipopotea. Juu, pale bamba lilipokatikia, jiwe lilikuwa jeupe bado, na kwenye ukingo wake alama za nyundo zilikuwa zimepangana moja baada ya nyingine.

Hakuhitaji zaidi. Thadeus alikuja kuwaangushia wafu wa nyumba hii paa lao. Alijua mawe, alijua pa kupiga, akapiga, na paa likaja upande aliosimama yeye. Hakukuwa na mwuaji. Baraza lilikuwa limetafutia dhambi mtu, na dhambi yenyewe haikuwapo.

Tryphena aliyasema yaliyobaki akiwa amekaa juu ya jiwe, akichambua udongo kwenye kucha. Alikuja Jumatatu akaona miguu. Alimwita Obadiah, wakaliinua bamba kwa gogo, wakambeba hadi njiani. Walitaka asionekane pale, hilo hakulificha, kwa sababu watu wangemfuata yeye wangewakuta na hawa wafu. Lakini pia waliona aibu kumwacha. Alikuwa mzee wao wa kanisa, ndiye aliyemzika baba yao.

Nzioka alimwuliza kwa nini hawakusema ukweli nyumba ilipofungwa, ukweli ambao usingemfunga mtu hata siku moja.

Jibu lake ndilo ninalotaka ulisikie, wewe uliyelelewa katika hesabu hizo ukaziona ni za Mungu. Alisema dhambi ya kuua inaoshwa. Mtu anapiga magoti, anaitika, anaimbiwa, anarudi. Dhambi ya kumtunza babu haioshwi hivyo. Unaambiwa umlete wewe mwenyewe, umvunje kwa mkono wako mlangoni mwa kanisa, watu wakitazama. Alikwisha kuona mwanamume mzima akipewa mchi wa kutwangia amvunje babake, na alipomaliza akaanzishiwa wimbo aimbe. Mama yake asingefika mwisho wa siku kama hiyo. Mama alimtaka Yesu na alimtaka babake pia, na hakuona kwamba wamegombana.

"Obadiah alisema, la kuua liko tayari, watu wameshaliamini. Kuliko kuwapa lingine."

"Atanyongwa, dada."

"Alisema mtamwandika, halafu mtamwachia." Alimtazama Nzioka kwa mara ya kwanza. "Si mlimwambia hivyo?"

*

Inspekta Pratley alisikiliza hadithi yote bila kukata. Hakuwa mtu mbaya, na ubaya wa mlima huu haukuhitaji watu wabaya. Alisema doa na alama za nyundo atavipiga picha mwenyewe akirudi kutoka Taveta siku ya Alhamisi. Hadi hapo pango lisiguswe, na mwanamke yule aje kutoa maelezo. Kesi ingetajwa mara ya kwanza Ijumaa mbele ya hakimu wa Voi, na isingeahirishwa. Akiridhika na picha, mashtaka angeyaondoa yeye. Asiporidhika, Obadiah angepelekwa Mombasa kwenye mahakama kubwa, na kutoka huko watu wa aina yake walikuwa hawarudi.

Nzioka angeweza kukaa kimya akangoja Alhamisi. Hakukaa. Alitaka kitu cha pili mkononi, akaenda kwa Kasisi Mwandawiro kumwomba aseme mbele ya hakimu jambo la kweli na dogo: kwamba maneno ya toba ile yalitungwa na baraza, mshtakiwa akaitika tu.

Kasisi alimkaribisha chai. Alikuwa mtu wa makamo, Mdawida wa kwanza kuvaa kola ya ukasisi mlimani humo, na mikono yake haikutulia.

"Toba ikishapokewa hairudishwi, Sajini. Sisi si duka."

"Nani alisema rungu?"

"Baraza."

"Baraza lilijuaje?"

"Lilidhani."

"Basi nenda ukaseme lilidhani."

Kasisi alikizungusha kikombe juu ya kisahani. Alisema, "Nikienda nikasema hivyo, nimesema Obadiah alimdanganya Mungu akiwa amepiga magoti, na mimi nikaupokea uongo nikaubariki. Nyumba yao itafungwa tena siku hiyo hiyo. Yule mama hali mkate Jumapili, anakufa nje. Ndilo unalolitaka? Na mimi nina mkubwa wangu, hukai juu ya mlima ukafikiri hakuna mlima mwingine. Askofu ataniuliza nilimfungulia nani na kwa nini."

"Nataka mtu asinyongwe kwa sababu ya jiwe," Nzioka alisema.

Neno lilikuwa limetoka. Aliona kikombe kikisimama.

"Jiwe gani?"

Nzioka alisema jiwe tu, mahali fulani, alilolipiga Thadeus mwenyewe. Hakutaja pango, wala nyumba.

"Hilo lenye popo?" Kasisi aliuliza polepole.

Nzioka alisimama. Alishukuru chai, akaondoka, na njia nzima ya kushuka alikwenda mbio, ingawa hakuwa na pa kukimbilia. Jioni ile alimwomba Inspekta askari wawili wa kulinda mwamba. Aliambiwa askari wote wako Taveta.

*

Alhamisi Inspekta alipanda na kamera yake shingoni, Nzioka mbele. Walisikia wimbo kabla ya kufika. Wazee wa kanisa walikuwa wakishuka, nyundo mabegani, mashati yamelowa jasho, nyuso za watu waliofanya kazi ya haki. Walimwamkia Inspekta kwa adabu.

Pango lilikuwa limefagiwa. Mafuvu yalikuwa vigae vyeupe vilivyosukumwa kwenye pembe kwa ufagio. Ukingo wenye alama ulikuwa umepigwa ukaangushwa, kwa kuwa ndio uliokuwa umebaki wa paa la mashetani. Nyundo ya Thadeus ilikwisha kupelekwa kwa mjane wake, imeoshwa. Na bamba halikuwapo. Walikuwa wameliviringisha hadi kwenye korongo, ambako mawe yamelaliana tangu dunia iumbwe, na lilipofika chini lilivunjika likawa kama mengine.

Inspekta alisimama ukingoni akatazama chini kwa muda. "Sajini, jiwe lako ni lipi?"

Nzioka alishuka korongoni. Aligeuza mawe hadi vidole vikatoka damu. Aliporudi juu kamera ilikuwa imeshafungwa kwenye mkoba wake.

Tryphena alikuwa shambani, amekaa chini, jembe limelala. Wazee walikuwa wamemsimamisha mbele ya mafuvu kabla ya kuyavunja, wakamwuliza hawa ni wa nani. Alikuwa amesema hawajui. Alimhadithia Nzioka hivyo bila kulia, akamwonyesha mkono alioushikilia mdomoni wakati walipolipiga fuvu la tatu kutoka kushoto, ambaye ndiye babu. Alama za meno zilikuwa bado.

Nzioka alichuchumaa karibu naye. Alimwambia kwamba sasa hakuna tena cha kulinda, wamekwisha kuvunja, aje kesho Voi aseme.

"Kasisi anakuja Jumapili," Tryphena alisema. "Nikisema kesho, haji."

"Obadiah je?"

"Obadiah ameniapisha." Kisha akasema, kama anayemwombea mtoto ruhusa, "Hawawezi kungoja hadi Jumatatu?"

Nzioka aliuliza. Hawakuweza.

*

Ijumaa chumba cha hakimu hapo Voi kilijaa, na waliokosa nafasi walisimama barazani wakitazama kupitia madirishani. Watu walikuwa wameshuka kutoka mlimani tangu alfajiri, wamevaa nguo za Jumapili. Tryphena alikuwa katikati yao. Wazee wa baraza walikuwa wamekaa mstari mmoja.

Kasisi aliulizwa alichosikia, akasema alichosikia, na hakuna neno moja la uongo ndani yake. Obadiah aliulizwa, akasema, "Ni mimi." Aliulizwa kama ana la kuongeza, akasema wamsalimie mama.

Nzioka aliapa, akaeleza bega, koti, popo, alama, doa. Alieleza vizuri. Hakimu aliuliza bamba liko wapi, akajibu liko korongoni. Aliuliza nyundo, akajibu imeoshwa. Aliuliza nani mwingine aliyeliona doa hilo kwa macho yake. Nzioka aligeuka akautazama mstari wa wazee, maana bamba zito kiasi kile haliviringishwi na mtu mmoja, na wanaoliinua huliinua kwa chini, na mwenye kuliinua kwa chini huona alichoshika. Mmoja wao alikuwa akisugua kiganja kwenye suruali yake, akisugua tu.

"Sijui, Bwana Hakimu," Nzioka alisema, kwa kuwa sheria haikumruhusu kuapa kwa macho ya wengine.

Hakimu akaweka kalamu. Akasema, na mkalimani akayarudia kwa Kiswahili ili yafike hadi madirishani, kwamba kabla hajaamuru mtu huyu apelekwe Mombasa, anauliza kama yupo ndani au nje ya chumba hiki aliyeona jambo lolote linalopingana na maungamo haya.

Tryphena alikuwa ametazama mbele, anahesabu siku hadi Jumapili. Kasisi alikuwa amefumba macho kama anayeomba. Obadiah alikuwa akitikisa kichwa polepole kumwambia dada yake hapana.

Mkalimani akarudia swali.

Wewe uliyeshika bamba kwa chini, ulikiona kilichokuwa kimekauka pale, na hukuhitaji mtu akutafsirie. Wewe uliyeshika ufagio. Wewe uliyekaa kwenye baraza ukasema nadhani ilikuwa rungu, mwenzako akasema basi tuandike rungu. Na wewe ambaye hukuwapo mlimani ila unalo kanisa lako, na baraza lako, na nyumba mliyoifunga mwaka huu mkingoja mtu aitike: unamjua ni nani, na unajua hakufanya. Usisubiri Jumapili. Usisubiri mwenzako aanze. Hakimu bado hajaishika kalamu, na mlango uko wazi, na mtu amekufa ganzi mikono kwa pingu akikungoja wewe. Simama sasa hivi. Sema ulichokiona.